Tuta la Kabula

Mama Yonas ninayetaka kuwaeleza habari zake hajawahi kuwa mwenyekiti wa chochote. Jina lake la ubatizo ni Stefania. Shamba lake na langu yanatenganishwa na kijito kimoja tu, katika kijiji chetu huku Ufipa, ambacho kutoka hapo mpaka mjini, sokoni Mazwi, ni saa mbili kwa miguu, au saa moja kwa baiskeli kama upepo haukupingi. Nimekuwa jirani yake miaka mingi. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na machache alinisimulia tukiwa tunapalilia.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mambo yalibadilika upesi huku kwetu. Ghala la ushirika lilitiwa kufuli. Mbolea ya bei nafuu ikakoma kuja, na iliyokuja kwa magari ya wafanyabiashara tuliishia kuitazama tu. Wengi wetu tulikaa tukilalamika. Mama Yonas alichukua jembe akarudi kwenye matuta ya bibi yake, yale tunayoyaita ntumba. Mvua zikielekea ukingoni, mwezi wa Machi, unakata majani pamoja na udongo wake, unayapindua, majani yakae ndani na udongo juu, mpaka unapata tuta la mviringo linalofika magotini. Juu yake unapanda maharage. Ndani majani yanaoza polepole kiangazi chote. Mvua za Novemba zikianza unalivunja, unalitawanya, unasia ulezi. Mbolea hiyo haingoji gari la mtu.

Kila mwaka baada ya mavuno alikuwa akiteremka bondeni, Mtowisa, kubadilisha maharage kwa mchele. Kule chini ni joto, nasi wa huku juu hatuliwezi. Mwaka mmoja homa ilimwangusha njiani. Aliyemwokota ni mama mmoja wa Kisukuma, Shija, ambaye watu wake walihamia bonde lile na ng'ombe wao. Shija alimlaza kwake siku tisa, akamnywesha uji na maziwa, akamfulia nguo, na hakuwa anamjua hata jina. Tangu hapo Mama Yonas akishuka analala kwa Shija tu. Wakawa ndugu.

Shija alifiwa na mume. Baada ya mwaka, Januari 1993, naye akafariki, akaacha mtoto mmoja wa kike wa miaka saba, Kabula. Kabla ya kukata roho alimwambia kaka wa marehemu mume wake, Ndalahwa, kwamba mtoto apelekwe Ufipa kwa rafiki yake, akasome.

Ndalahwa na mtoto walipanda mlima kwa miguu siku mbili, wakafika wiki ya pili ya Kwaresima. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kwa Mama Yonas kuazima ungo. Ndalahwa alikuwa mtu mrefu, mkimya, amejifunga blanketi na fimbo haimtoki mkononi. Mtoto alisimama nyuma yake akitetemeka kwa baridi yetu.

"Shemeji," Ndalahwa alisema, "neno la marehemu halirukwi. Nimemleta. Lakini mtoto ni wa boma letu. Mwezi wa saba, kabla hatujahamisha ng'ombe kwenda upande wa Chunya, nitakuja kumtazama. Nikikuta amekonda, naondoka naye."

"Na shule?"

"Ng'ombe hawaulizi mtu kasoma darasa la ngapi."

"Shija aliuliza," Mama Yonas akajibu.

Ndalahwa alikunywa togwa, akampapasa mtoto kichwani, akaondoka asubuhi.

Basi Mama Yonas akaanza kazi. Mwanawe mmoja tu, Yonas, alikuwa ameshaoa na kuhamia kijiji cha Kate, na nyumbani walibaki wawili, yeye na mume wake Teodori. Alimnunulia Kabula sweta zito la mitumba, likamfika magotini. Alimtandikia kitanda karibu na jiko. Mchana mtoto alikuwa mtiifu, anaosha vyombo, anafagia. Ila kulikuwa na mambo mawili. Maharage hakula, hata ukiyaunga kwa karanga. Na shambani hakutia mguu. Akitumwa maji kijitoni, badala ya kukatisha shamba kama sisi sote, alizunguka mbali kupitia uani kwangu, ndoo kichwani, huku akikazia macho mlango wangu utadhani kando yake hakuna kitu.

"Mjukuu, mbona unajichosha?" nilimuuliza siku moja.

"Huku ni kuzuri, bibi," akasema, akapita.

Ikafika Pasaka. Mifupa ya mabega ya mtoto ilionekana juu ya shingo ya sweta. Jirani yetu Hellena, ambaye ulimi wake haujawahi kuugua, alisema mbele ya watu tukitoka kanisani, "Mama Yonas, huyo amezoea maziwa. Utamlazimisha maharage mpaka umzike. Mrudishe kwa ng'ombe wake."

"Nilimwahidi mama yake," akasema Mama Yonas.

"Mama yake hayupo."

"Ndiyo maana siwezi kwenda kumwambia nimebadili mawazo."

Alitafuta maziwa. Kila alfajiri alikwenda hadi kwa Beda, mwenye ng'ombe wawili, akarudi na kikombe kimoja. Mtoto alikunywa, akashukuru, akaendelea kukonda. Maziwa ya kikombe hayajengi mtu asiyekula. Niliwahi kumwona Mama Yonas amekaa kizingitini na rozari mkononi, midomo haichezi, anatazama tu njia ya bondeni. Mwezi wa saba ulikuwa unakuja.

Ilikuwa mwisho wa Aprili, siku ya manyunyu. Maharage juu ya matuta yalikuwa yametoa maua. Nilikuwa upande wangu wa kijito, na Mama Yonas upande wake anang'oa magugu. Kabula alisimama pembeni ya shamba na kikapu cha chakula alichotumwa kuleta. Hakuingia. Alisema kwa sauti ndogo, lakini kijito ni chembamba, nikasikia.

"Mama, hapa walikufa wangapi?"

"Wapi, mwanangu?"

"Hapa shambani."

Mama Yonas aliinuka, akashika kiuno. Alitazama matuta yale, mstari kwa mstari mpaka kilimani, kila moja la udongo mpya, la mviringo, la ukubwa ule. Mimi nami nikayatazama, nikaona alichokuwa akikiona mtoto aliyetoka kumzika mama yake juzi. Bondeni wanalima kwa maksai, shamba la kwao ni tambarare kama mkeka. Udongo uliorundikwa alikuwa ameuona mara mbili tu maishani mwake, siku ya baba yake na siku ya mama yake. Na sisi tulikuwa tukipanda maharage juu, tukiyavuna, tukimwekea kwenye sahani.

"Nani kakwambia ni makaburi?"

"Baba mkubwa. Tulipokuwa njiani nilikuwa nalia. Akasema ninyamaze, waliolala humo watanisikia."

Mama Yonas hakucheka, na mimi nilijizuia. Akamwambia, "Njoo."

"Hapana."

"Basi simama hapo hapo utazame."

Alichukua jembe akalipiga tuta la kwanza katikati. Maharage yenye maua yakaanguka upande. Sasa ninyi msiokuwa wa Ufipa mnielewe: tuta halifunguliwi kabla ya mvua za Novemba. Ukilifungua mapema, mboji inakauka, na mwaka ujao pale ulezi utaota wa njano. Bibi zetu walimchapa mtoto aliyekanyaga tuta, sembuse kulivunja. Mimi mwenyewe mkono ulinipanda mdomoni.

Ndani kulikuwa na majani yaliyoanza kuwa meusi, mvuke kidogo, na nyungunyungu.

"Ni majani," Mama Yonas akasema. "Ni chakula cha ulezi."

Kabula alinyoosha kidole. "Na hili?"

Akalivunja hilo.

"Na lile?"

Akalivunja lile. Kila mtoto alipoonyesha, jembe lilifuata. Hellena, aliyekuwa anapita na kuni, alisimama njiani.

"Mama Yonas, umeingiwa na nini leo?"

"Pita, Hellena. Nina kazi."

Katika la tano mtoto alikuwa ameshaingia shambani bila kujua. La saba alilifukua mwenyewe kwa mikono, akashika majani yaliyooza, akayanusa. Kisha akauliza lile ambalo mimi nisingeweza kulijibu.

"Basi na kwa mama nako ni majani?"

Mama Yonas alipiga magoti kwenye matope, wakawa sawa kwa kimo.

"Hapana, mwanangu. Kwa mama yako yupo mama yako. Kule sisi hatufunui. Kule atafunua Mungu mwenyewe, siku yake ikifika."

Mtoto alilia hapo, kilio kikubwa, ambacho nadhani hakuwa amekilia tangu bondeni. Mama Yonas alimwacha alie mpaka mwisho. Hakumwambia anyamaze.

Jioni Teodori alirudi kutoka kwenye mkutano wa kijiji, akaona shamba.

"Ngiri wameingia?"

"Ni mimi," mke wake akasema, akamweleza.

Teodori alizunguka matuta saba yaliyovunjika, akakuna kidevu. "Kesho tuyafunike basi, udongo ungali na maji."

Wakayafunika watatu. Sita waliyafanya wao. La saba, dogo, limeinama upande kama kofia ya mlevi, alilifanya Kabula peke yake, na Mama Yonas akakataza mtu asilinyooshe. Usiku ule mtoto alikula maharage. Alikula taratibu, akiyatazama moja moja, lakini alikula.

Ila miezi miwili haijazi mabega. Ndalahwa alipokuja Julai, kwa lori la mpunga mpaka mjini na kwa miguu mpaka kwetu, alimshika Kabula mkono, akauzungusha kwa vidole viwili.

"Amekonda."

"Amekonda kweli," Mama Yonas akasema. "Na ni wewe uliyemkondesha." Akamweleza habari ya makaburi, pale pale mbele ya Teodori na mbele yangu.

Ndalahwa alianza kucheka, kisha akamwangalia mtoto, kicheko kikafa. "Nilimtania ili anyamaze. Njia ilikuwa ndefu." Aliegemea fimbo yake. "Hata hivyo, shemeji, neno ni neno. Nilisema akikonda."

"Hawezi kuondoka sasa. Ana tuta."

"Tuta ni nini mbele ya mtoto?"

"Ng'ombe wako mwenye mimba, unamswaga safari ya Chunya siku anayokaribia kuzaa?"

"Sithubutu."

"Basi njoo uone."

Tukaenda sote. Kabula alitangulia mbio katikati ya matuta, sweta linampiga magoti, akasimama kando ya kile kituta chake kilichopinda.

"Hili langu. Nililifanya mwenyewe. Sijalivunja bado."

"Kwani mama hapa hawezi kukuvunjia?" Ndalahwa akauliza.

"Aliyelifunika ndiye analivunja," mtoto akasema. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba ya Mama Yonas, naye alikuwa ameipata kwa mama yake.

Ndalahwa alichuchumaa. Alitia mkono ubavuni mwa tuta mpaka kiwiko, akauacha humo, kama wanavyompima ng'ombe.

"Lina joto," akasema.

"Linafanya kazi," Teodori akamjibu.

"Litavunjwa lini?"

"Mvua zikianza. Novemba."

Alitoa mkono, akaufuta kwa blanketi. "Basi abaki mpaka alivunje. Nitakuja mwakani kumchukua."

Alipoondoka nilimfuata Mama Yonas jikoni. "Dada, umepata miezi michache tu. Novemba akilivunja itakuwaje?"

Alikuwa anachagua maharage, hakuinua kichwa. "Albina, wewe ni Mfipa au umehamia jana? Yeye anakuja mwezi gani?"

"Wa saba."

"Na matuta mapya tunafanya mwezi gani?"

Ndipo nikaelewa. Hakuna Julai ambayo Ufipa haina matuta yasiyovunjwa.

Januari Kabula aliandikishwa darasa la kwanza. Machi alifanya matuta mawili. Julai Ndalahwa akaja, akaonyeshwa, akarudi peke yake. Mwaka wa 1995 alikuta matuta matano yaliyonyooka, na mabega ya Kabula yamejaa. Alisimama akayahesabu kwa fimbo, akamgeukia Mama Yonas.

"Shemeji, haya matuta yako yana mwisho?"

"Hayana."

"Ulijua tangu siku ile."

"Nilijua."

"Wafipa," akasema, akitikisa kichwa, na safari hii kicheko hakikufa. Alikaa siku tatu na kutaka afundishwe kupindua majani, akashindwa.

Mwaka uliofuata hakuja. Ilikuja barua kupitia kwa katekista Adolfu, imeandikwa na mtu wa kuombwa huko Chunya, na jina juu ya bahasha lilikuwa la Kabula. Mama Yonas aliishia darasa la nne, na kusoma kwake ni misale tu, kitabu cha misa, siku za sikukuu, kwa hiyo alikaa akakunja mikono. Kabula, wa darasa la tatu, alisimama mlangoni penye mwanga akaisoma kwa sauti, akikwama, akirudia. Mguu wa baba mkubwa ulikuwa unauma. Ng'ombe hawajambo. Alitaka kujua tuta likoje, na alitaka ajibiwe na Kabula mwenyewe, asiandikiwe na mtu.

"Soma tena," Mama Yonas akasema.

Akasoma tena. Safari ya pili hakukwama. Mama Yonas alikuwa amefumba macho, na mimi nilijua anamsikilizisha Shija.

Kisha Kabula akapasua karatasi katikati ya daftari, akalala kifudifudi juu ya mkeka, akaandika kwa herufi kubwa: Shikamoo baba mkubwa. Tuta bado halijavunjwa.