Nyumba ya Bati ya Mjusi

Mdogo wangu wa kike aliacha kusema siku tulipomzika mama. Alikuwa na miaka sita, mimi kumi na minne. Baba alimbembeleza, shangazi alimchapa, wapi. Kisha akaja na mjusi wa majabali, dume mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, kamfunga uzi kiunoni. Mijusi wale hutikisa kichwa juu na chini, ungedhani wanakubali unachowaambia. Mdogo wangu akaanza kuongea na huyo.

Nilifurahi hadi nikalia. Nikajiapiza kwamba mjusi yule hatatoroka wala hatakufa, maana akienda angeondoka na sauti ya mdogo wangu.

Tukatafuta nyumba. Kikapu angekitoboa. Mdogo wangu akauburuta mtungi wa maji wa mama, ule uliovunjika mdomo, akaulaza kivulini. Akanitamkia mimi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi: "Kwa mayu."

Mayu kwetu ni mama. Nilidhani anataka kupelekwa kaburini. "Tutakwenda kesho," nikamwambia, nikausukuma mtungi pembeni. Mwaka ule pale kijijini Didia baba alikuwa ameuza pamba na kuezeka bati, wa kwanza katika mstari wetu wa nyumba za kijiji kipya. Tulivimba vichwa. Kwetu mtu wa maana alikaa kwenye bati, nyasi tuliwaachia wasiojiweza. Nikachukua vipande vilivyobaki, nikakunja sanduku, nikatoboa matundu kwa msumari. Nikamtia mjusi ndani, nikaliweka juani, kwa kuwa mijusi hupenda jua. Mjinga mimi, nilijiona fundi.

Tukaenda kuchota maji, na kisima kilikuwa mbali. Tuliporudi sanduku lilikuwa haligusiki. Nililifungua kwa pindo la khanga. Mjusi alikuwa amekauka, mdomo wazi, kile kichwa cha chungwa kimepauka.

Mdogo wangu hakulia. Alimchukua, akamlaza ndani ya mtungi, akauacha mkono wake humo muda mrefu. Nami nikaingiza wangu. Mlikuwa na ubaridi, ubaridi ule ule wa maji aliyokuwa akitunywesha mama mchana. Ndipo nilipoelewa alikuwa amechagua nyumba gani.

"Nigombeze basi," nikamwomba. "Sema chochote."

Akanitazama, akatikisa kichwa juu na chini. Leo ana wajukuu, na bado hunijibu hivyo hivyo.