Jina la mama mukwe

Mpaka leo nikipita ofisi ya komini, kwenye ninafanya kazi, nainamisha kichwa. Tulikusanyika pale na raia ili kuongeza muda wa mukataba wa kampuni inayochapa barua za komini na kuzigawa kwa raia, na mimi, karani mwenye mudomo, nikasimama kupinga. Nikainua barua moja iliyorudishwa.

"Wanatunga majina ili tuwalipe," nikasema. "Nani anamujua huyu Feza Kalunga?"

Nikacheka peke yangu.

Nyuma, mama mukwe wangu akainuka. Kwetu mukwe hatajwi jina. Tangu nimuoe Riziki, mama yake namuita Mama tu, na majirani wote wa avenyu wanamuita Mama Riziki.

"Feza njo mimi," akasema kwa upole. "Walinikosa nyumbani, Papa. Nilikuwa kwako, nalea mutoto wako."