Papa Cyrille Kati ya Wasafiri

Kartiye yetu, mutaa huu wetu, haina haja ya jogoo. Mbele ya kengele ya misa ya kwanza kulia, tunasikia filimbi ya Papa Cyrille ikipita kule barabarani, na nyuma yake miguu ya vijana, puta puta puta, kama mvua yenye inaanza juu ya mabati. Mama wa nyumba anajua saa ya kuwasha makaa imefika. Tulizoea vile. Na mutu akizoea kitu, haulizi tena nani anakibeba.

Papa Cyrille ni kochi wa mbio ku institi moja, shule ya sekondari ya hapa Kalemie. Ni mutu murefu, mwembamba, mwenye kucheka pole pole. Baba yake alifanya kazi ku gare, stesheni ya treni, na wazee wanasema Cyrille akiwa mutoto alikuwa anashindana na mabehewa mpaka treni inamushinda pale reli inapoacha muji. Hakulia kwa kushindwa. Alirudi anatembea, akangojea treni ingine.

Ku institi walimupa kwanza masomo ya mazoezi ya mwili. Kisha wakamupa timu ya vijana wanaume. Mwalimu wa timu ya wasichana alipohamia Lubumbashi, wakamwambia, "Cyrille, uwashike kwanza kwa muda." Muda ule ukawa miaka. Tena njo yeye wa kutafuta boti wakati wa mashindano, yeye wa kupeleka ku hospitali mwenye kuumia muguu, yeye wa kuenda kuomba samahani kwa wazazi wakati musichana anachelewa kurudi.

Sasa kuna jambo moja la kazi yake. Makochi wengine wanasimama fasi moja, saa mukononi. Papa Cyrille hakuamini saa. Alisema saa inakuambia mutu amefika, lakini haikuambii amefika namna gani. Yeye alikuwa anakimbia kando ya kila mukimbiaji, bega kwa bega, akisikiliza pumzi yake. Kwa pumzi alijua nani hakula, nani anaficha maumivu, nani amegombana na wa kwao, nani bado ana nguvu ya kuongeza mwendo. Ni ufundi wa kweli, na vijana walimupenda kwa ajili yake. Lakini angalia vile ufundi ule ulimuzunguka: wenye mbio kali anaenda nao mpaka ku daraja la muto Lukuga, anarudi kuchukua wa katikati, kisha anarudi tena kuchukua wenye kuanza. Kila kijana alikimbia mbio yake. Yeye alikimbia za wote. Na mangaribi tena, ku muchanga wa ziwa.

Hapa kwetu, mutu akikuita Papa, hauwezi kumuacha aende na tumbo tupu. Na wale wote walimwita Papa. Basi sufuria ya Mama Mireille, muke wake, ikawa sufuria ya timu.

"Mama Mireille, leo sombe inanukia mpaka ku daraja!" kijana mumoja, Willy, alipenda kusema akiingia.

"Pua yako njo inakimbia kuliko miguu," Mama Mireille anamujibu. "Nawa mikono."

Alicheka nao, aliwapakulia bugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kisha anarudi ku baraza, kwa cherehani yake, maana yeye ni mushonaji. Lakini siku moja tukitwanga majani ya sombe pamoja, yeye na miye jirani yake, aliniambia bila kuinua macho, "Yaya, mukubwa wangu, watu wanasema nimeolewa na kochi. Hapana. Nimeolewa na filimbi. Kochi mwenyewe sijui alibakia wapi."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

Ni kweli, mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Papa Cyrille alikuwa anasinzia ku meza, tonge la bugali mukononi, mboga inapoa. Mutu mwenye hakujua kupandisha sauti akaanza kufokea watoto kwa ajili ya mufuniko wenye umeanguka. Angélique, binti yake mukubwa, alimuletea siku moja kazi yake ya masomo. Baba akaangalia karatasi, akasema, "Vizuri sana, mama yangu," na karatasi ameishika juu chini. Mutoto aliichukua, akaikunja, akaenda.

Mungu aliumba usiku ili watu walale, na sidhani alitoa ruhusa kwa kochi. Lakini mutu mwenye kufanya mema ni vigumu kumuonya. Utamwambia nini? Acha kusaidia watoto wa watu?

Mama Mireille njo alimwambia. Nilikuwa pale, nilikuja kuchukua nguo yangu.

"Baba Angélique, boti ya Mpala ikipatikana, naenda kwa wazazi wangu na watoto."

"Ni vizuri, muwasalimie. Mutarudi lini?"

"Sijasema kama nitarudi."

Papa Cyrille akaweka filimbi ku meza. "Mireille, ngojea mashindano ya Moba yapite. Kisha nitapumzika."

"Mbele ya Moba ilikuwa mashindano ya hapa. Mbele ya hapa, ya kule kwingine. Mashindano hayapiti, Baba Angélique. Sisi njo tunapita."

Filimbi ikawa karibu na mukono wa Papa Cyrille, barabarani vijana walikuwa wanamungojea. Akaichukua, akatoka.

Juma ile ile, shirika letu, ni kusema sisi wakristo wa kartiye wenye kusali nyumba kwa nyumba, tulifika kwake. Desturi yetu ni hii: baba wa nyumba anapokea watu ku mulango, na mutoto wa nyumba anatoa maombi. Anaanza na watu wa nyumba, anafuata wagonjwa, anamaliza na wasafiri. Papa Cyrille alikuwa ameahidi atakuwa pale. Mulangoni tulimukuta Mama Mireille peke yake. Papa Michel, mukubwa wa shirika, akangojea kidogo, akaangalia barabara, kisha akaanza.

Angélique akasimama, mikono ameiunganisha vizuri.

"Bwana, tunakuomba kwa ajili ya watu wa nyumba hii: Mama Mireille, mudogo wangu Syntiche, na miye. Tunakuomba kwa ajili ya wagonjwa: kambo Séraphine, bibi yetu, na magoti yake. Tunakuomba kwa ajili ya wale wenye kuwa mu safari: watu wa boti, watu wa treni, na Papa yetu. Uwafikishe salama."

Hakukuwa ubaya mu sauti yake. Hakuwa anamusema baba yake. Aliweka tu kila mutu fasi yake.

Na Papa Cyrille alikuwa amesimama ku mulango, jasho linamutiririka, filimbi ku shingo. Syntiche, kadogo kake, akamuona, akapiga makofi. "Papa wa safari njo huyu! Amefika!"

Hakuna mutu alicheka. Papa Michel alikohoa. Tukaitika, "Bwana, utusikie," kila mutu kwa wakati wake, vibaya. Papa Cyrille alibakia pale pale mulangoni mpaka mwisho, kama mugeni mwenye bado hajakaribishwa.

Kesho yake alipita na filimbi kama kila siku. Yenye ilitokea ku daraja alinielezea Evodie, musichana mwenye mbio kuliko wote, mwenye sasa yuko karibu kumaliza masomo. Walikuwa wanapanda kutoka darajani, yeye na kochi, bega kwa bega. Kochi akamwambia, "Evodie, pumua kwa nguvu kidogo, sikusikii."

"Napumua, Papa."

Wakaenda tena. "Bado sikusikii."

Evodie akasimama. "Papa, pumzi yangu iko sawa. Yako njo inalia sana, inafunika yangu."

Kochi naye akasimama, mikono ku magoti. Evodie anasema alimuona kama mutu mwenye amepoteza ufunguo wa nyumba yake mwenyewe. Akamwambia, na huyu musichana haogopi kusema, "Kama ningekuwa miye napumua vile, ungefanya nini?"

"Ningekurudisha nyumbani."

"Basi?"

Akavua filimbi, akamupa.

Mama Mireille alikuwa chini anafunga sufuria mu kitambaa, kwa ajili ya boti. Alipomuona mume wake mulangoni saa ile, aliuliza kama siku zote, "Umesahau nini?"

"Hakuna. Nimekuja kulala."

"Kulala?"

"Nikiamka nitakusaidia kufunga. Na kama unakubali, tutaenda Mpala wote."

"Na Moba?"

"Evodie atawapeleka, pamoja na Willy."

Mama Mireille alimuangalia sana. Kisha akamuonyesha chumba. "Lala kwanza. Maneno ya mutu mwenye usingizi siyapokei."

Alilala mpaka jua lilizunguka upande mwingine wa nyumba. Alipoamka akarudilia maneno yale yale, na sasa Mama Mireille akayapokea.

Siwezi kusema kila kitu kilienda vizuri. Mukubwa wa institi hakufurahi, akamupatia mwalimu mwingine cheo cha kuongoza michezo yote, cheo chenye Papa Cyrille alikingojea. Wakimbiaji wengine walinung'unika ya kama kochi amewatupa. Kule Moba hawakushinda kama mwaka uliopita. Willy aliporudi, alikuja kumwambia mwenyewe, "Papa, mbio zilitushinda, lakini kula tulikula sana!"

Kule Mpala, mama mukwe wake, Mama Élisabeth, alipomuona anashuka ku boti na mizigo ya watoto, alishika kiuno. "Mukwe, walikufukuza kazi?"

"Hapana, Mama."

"Unaumwa?"

Papa Cyrille akashusha mizigo ku muchanga. Yule mama akamuangalia macho, akasema tu, "Basi njoo ule."

Mama Mireille aliniambia, siku za kwanza Papa Cyrille alikuwa anaamka kungali giza, miguu inatafuta viatu yenyewe, anasimama mu kiwanja anasikiliza filimbi yenye haiko. Kisha siku moja alitoka na mabinti zake wawili mpaka ku mwambao, wakitembea. Syntiche alitaka kukimbia, yeye akamwambia, "Leo tuende kwa mwendo wa mufupi kuliko wote." Mufupi alikuwa Syntiche. Walichelewa kurudi, bugali ikapoa, na hakuna mutu aligomba.

Walirudi Kalemie wote wanne. Papa Cyrille hakuacha kazi, maana ni kipaji cha Mungu na kina watu wake. Lakini alifundisha vijana kukimbia wawili wawili, kila mumoja anasikiliza pumzi ya mwenzake. Yeye anaenda na kundi moja tu, asubuhi, na mangaribi filimbi ni ya Evodie. Kula, wanakula kwao. Ku sikukuu njo wanakuja kwa Mama Mireille.

Nyuma ya majira ya mvua, zamu ya nyumba yao kupokea shirika ilifika tena. Safari hii Papa Cyrille alikuwa mulangoni, shati safi, anashika kila mutu mukono. "Karibu, Mama. Karibu, Papa Michel." Tukaketi. Angélique akasimama, akaunganisha mikono, akafungua kinywa. Halafu akakifunga. Akamugeukia baba yake, na kwa sauti ya chini yenye wote tuliisikia, akauliza:

"Papa, leo nikuweke wapi?"

Kwa nje filimbi ya Evodie ilikuwa inapita. Papa Cyrille aligeuza kichwa; mwili ulibakia ku kiti.

"Uniweke kati ya wagonjwa, mama yangu. Wale wenye wameanza kupona."

Angélique akatafuta macho ya mama yake. Mama Mireille alikuwa ameinama, anarekebisha nguo ya Syntiche, hakuinua kichwa.

"Hapana," akasema. "Umuweke na watu wa nyumba. Kupona, atapona humu humu."

Angélique akaanza upya.