Mguu Ambao Bibi Siwema Hakuuchua

Bibi yangu, Siwema binti Kibwana, alikuwa mkunga wa Marui tangu baba yangu hajatiwa jandoni, na mtu akitaka kuniudhi hadi leo aniambie kwamba wakunga wa zamani hawakujua kitu. Alizalisha wanawake wa vijiji vyote vile, akawakanda kwa maji ya moto na kuwachua kwa mafuta ya nazi mpaka arobaini zao zikatimia. Wanaume wenye viuno vilivyokaza nao walimfuata, wakijidai wamepita kumsalimu tu. Na kila jioni, akishamalizana na hao wote, alinikalisha mkekani akanipaka mafuta nyayoni. Mama sikuwa naye.

Mama yangu, Biasha, alifia mikononi mwa bibi. Mimi nilikuwa kichanga bado. Mguu wake wa kushoto ulivimba, huo mmoja tu, kuanzia pajani hadi vidoleni, ukawa na joto na ngozi ikang'aa. Bibi akafanya kama alivyowafanyia wazazi wote. Alichemsha maji, akakanda, kisha akachua kwa nguvu akipandisha juu. Mama akashika kifua, akasema hapati pumzi, akakata roho kabla maji ya beseni hayajapoa. Wengine walisema jini, wengine wakasema siku zake zilikuwa zimefika. Baba yangu, Zahoro, alikubali kwamba zilifika, na hakuoa tena.

Bibi hakusema neno. Lakini alichokihisi siku ile alikihisi, na alinieleza mwenyewe nilipokuwa mtu mzima. Ndani ya paja kulikuwa na kitu kigumu kama kamba, na alipokikandamiza kwa kidole gumba kikaachia. Muda si mrefu akaenda kwa dresa wa zahanati ya Kisarawe, akamuuliza kama mtu anayeulizia habari za jirani. Dresa akamwambia kwamba damu ya mzazi huweza kuganda ndani ya mshipa, na ukiisukuma hupanda hadi kifuani. Akamwambia pia kwamba Dar es Salaam yuko daktari mpasuaji anayeweza kuufunga mshipa huo. Bibi alishukuru akarudi nyumbani, akanipikia uji.

Tangu hapo mzazi akivimba mguu mmoja, bibi alipitisha kiganja mara moja tu. Akiikuta ile kamba aliondoa mikono, akawaambia wenyewe wampeleke mgonjwa kwa dresa. Sababu hakuitoa. Watu wakasema Siwema kazeeka na maringo, wakaenda kwa wachuaji wengine, na baadhi ya wagonjwa hao tuliwazika.

Kisha ikaja zamu ya Mwamini, shangazi yangu, kitinda mimba wa bibi. Alikuja kuzaa mtoto wa kwanza nyumbani kwa mama yake. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha. Alijifungua salama, na siku chache baadaye akaamka mguu wa kushoto umemjaa kama gogo la mgomba. Wanawake wakateleka maji bila kuulizwa. Bibi akaupitisha mkono pajani, akautoa, akasogea nyuma. Halafu akasimama akayamwaga maji yote motoni.

"Hachuliwi," alisema. "Anakwenda Dar es Salaam kwa mpasuaji."

Mwishehe, mume wa Mwamini, alikuwa mtu mpole, lakini hilo lilimshinda. "Mama, arobaini haijatimia, mzazi atatolewaje ndani? Na mtoto wa mkunga apelekwe kwa Mzungu akapasuliwe, watu watatuelewa vipi?"

"Wasituelewe, baba."

"Basi mchue leo tu. Asipopata nafuu, kesho tutampeleka."

"Hachuliwi leo wala kesho."

Mwamini alikuwa analia. "Mama, umewachua watu wote wa Marui. Mimi nimekukosea nini?"

Bibi akakaa chini karibu naye, akaikalia mikono yake mwenyewe. Nililiona hilo kwa macho yangu, na sijaona kitu kilichonitia uchungu zaidi. Alijua vizuri mambo yalipofikia. Mwamini akifa, amepoteza binti. Mwamini akipona bila kuchuliwa, mwanawe Zahoro atajua Biasha alikufa kwa nini.

Baba yangu alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo. "Mama," akasema, "kwa nini asichuliwe?"

"Kwa sababu atakufa."

Baba akamshika Mwishehe bega, wakatoka kwenda kutafuta watu wa kubeba. Walimtoa Mwamini na kitanda chake cha kamba, mtoto kifuani, mguu umeinuliwa juu ya mto, wakapita naye kwenye matope hadi barabarani kungojea lori la muhogo la Maneromango. Bibi alitembea pembeni njia nzima, akiwakataza watu kuugusa mguu.

Baba alirudi peke yake masika yakielekea mwisho. Alimkuta bibi uani anapepeta mpunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mgonjwa?"

"Mzima. Daktari alimpasua hapa kwenye kinena, akaufunga mshipa. Mguu utabaki mzito, atachechemea maisha yake yote, lakini mzima." Akachutama mbele ya ungo. "Daktari aliuliza kama mguu umechuliwa. Tukamwambia hapana. Akasema aliyekataza ndiye aliyemwokoa, maana ungechuliwa, angeshika kifua akafa hapo hapo."

Bibi aliendelea kupepeta.

"Angeshika kifua, mama."

"Nimesikia."

"Ulijua lini?"

Akauweka ungo chini. "Wakati ule nilikuwa sijui, Zahoro. Nilijua alipokwisha kufa."

"Na miaka yote hii nakula chakula chako."

Hakumpigia kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliniambia nifunge nguo zangu, tunahamia Sofu kwa ndugu yake Twalibu, akaenda kuaga majirani. Nilimchukia baba siku ile, na nilimchukia bibi pia, kisha nikashindwa kuamua nimchukie nani zaidi.

Tulipokuwa tunatoka, bibi alikuja na kifuu cha mafuta ya nazi. Kila nilipokwenda safari alinipaka nyayo kwanza, na nilikwisha kuvua makubadhi. Akachuchumaa mbele yangu, akamimina mafuta kiganjani.

"Usimshike, mama," baba akasema, kwa sauti ya chini, kwa adabu.

Bibi akarudisha mkono. Mafuta yalikuwa yanamchuruzika kwenye vidole na hakuwa na pa kuyaweka. Akajipaka mwenyewe, mkono kwa mkono, mpaka yakaisha.