Mtabiri Aliyeezua Nyumba Yake

Mkwe wangu ni mtabiri wa hali ya hewa, na mtaani wanamwita Mawingu Kiasi. Mwenyewe hana neno, akiitwa huitika. Ukimwuliza asubuhi amelalaje, atatazama juu kwanza, halafu atakwambia amelala vizuri kwa ujumla, isipokuwa vipindi vifupi vya kukosa usingizi kuelekea alfajiri. Hafanyi mzaha. Kazi imemwingia mwilini, kama fundi viatu anavyokusalimu huku akikutazama miguuni.

Mimi naishi kwa zamu. Watoto wangu wametawanyika nami huwazungukia, na popote nifikapo hupewa kile chumba cha karibu na jiko, ati nisipate baridi. Kwa huyu binti wa pili, mke wa Mawingu Kiasi, hukawia kuondoka kwa sababu ana maneno, na mimi napenda mtu mwenye maneno. Binti ni fundi cherehani. Safari ile nilimkuta amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, mashati meupe na sketi, na sebule ilikuwa imejaa nguo mpaka tukawa tunakula tumesimama. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Mwalimu mkuu alimwambia wazi kwamba sare zikichelewa au zikiharibika, kazi hiyo asiione tena.

Sasa taabu ilikuwa paa. Mabati yalikuwa yameoza, na hata umande ulikuwa unapita. Masika yalikuwa mlangoni, na fundi bati, mtu hodari lakini hakamatiki, alikuwa na nafasi wiki ile tu kabla hajaenda kazi ya mbali. Akaja Jumatano asubuhi na ngazi yake begani, akamkuta Mawingu Kiasi anafunga viatu aende kazini.

"Kaka, kesho nikianza mapema, jioni nimeshaezua na kuezeka. Ila hapo katikati nyumba itakuwa wazi kama uwanja wa mpira, na turubai langu limebaki kwa mteja mwingine. Nijibu kitu kimoja: kesho mvua ipo, haipo?"

Mawingu Kiasi akatazama juu. "Kesho kunatarajiwa mawingu kiasi..."

"Mvua, kaka."

"...pamoja na uwezekano wa mvua nyepesi katika baadhi ya maeneo."

"Maeneo yapi? Hapa au kwa jirani?"

"Huko hatuingii."

Binti akatoa sindano mdomoni. "Baba watoto, hizi nguo unaziona? Sema ndiyo au hapana. Niliolewa na mtabiri ili nini?"

"Tusubiri taarifa ya jioni," akasema, akaondoka. Taarifa yenyewe anaiandika yeye! Fundi alinitazama, nami nikatazama ngazi yake.

Kwa haraka ile mkwe alisahau miwani, nikatumwa niipeleke. Ofisi yao ni nyumba ndefu yenye korido moja, na nyuma kuna uwanja mdogo wenye uzio, na ndani ya uzio kisanduku cheupe cha vipimo chenye miguu mirefu na mkebe wa kupimia mvua. Ndani, mapazia yote yamefungwa. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa mwanga unasumbua macho wakitazama picha za mawingu kwenye kompyuta.

Nilimkuta mkwe wangu kwenye meza yake, na nikiri nilimwonea fahari. Alivaa miwani akawa mtu mwingine. Alikuwa anaoanisha namba alizoletewa na mpimaji, mama mmoja mwenye koti la mvua mchana wa jua kali, na zile picha za mawingu, akigunaguna peke yake. Halafu akaandika, nikasoma kwa macho yangu: Kesho mchana, mvua kubwa.

"Ahaa," nikasema. "Basi tumepona. Hatuezui."

"Ngoja kwanza, baba. Bado haijapita."

Nikaifuata kuona inapita wapi. Iliingia chumba cha pili, kwa mhariri, kijana laini mwenye kalamu nyekundu. Akaisoma, akakunja uso kama aliyeng'ata ndimu.

"Kubwa! Nani anaandika kubwa? Watu watakimbia."

"Si afadhali wakimbie kabla hawajalowa?" nikauliza.

"Mzee wangu, kazi yangu mimi si mvua. Kazi yangu ni taharuki." Akafuta kubwa, akaweka ya wastani. Akaitazama tena, akafuta ya wastani, akaweka manyunyu.

Kutoka hapo ikaenda kwa mkuu, mwenye kiti cha kuzunguka na sauti nene. Taarifa ya jioni huisoma redioni yeye mwenyewe, maana ukoo wake wote humsikiliza. Akafuta neno mchana. "Ukitaja saa," akanieleza kwa upole, "mvua ikichelewa utaulizwa wewe. Mvua haiulizwi." Halafu akaongeza uwezekano mbele na baadhi ya maeneo nyuma, akasaini. Yule mpimaji alichungulia mlangoni akasema huko magharibi kunaanza kufunga. Mkuu akamjibu aandike kwenye nafasi yake, hapa ni nafasi ya maamuzi. Mama wa watu akaenda zake. Hakuonyesha kushangaa.

Nikarudi kwa mkwe. "Mwanangu, uliandika mvua kubwa."

"Ile haikuwa utabiri, baba. Utabiri ni ule uliosainiwa. Na sisi wafanyakazi haturuhusiwi kusema nje ya taarifa. Nikisema, nitakuwa nimesema kama mtu binafsi."

"Kwani wewe si mtu?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, si kwamba alinipuuza. Lakini simu ikalia.

Jioni tukakaa na redio katikati ya mafungu ya sketi. Sauti nene ikatangaza kwamba hali itakuwa shwari kwa ujumla, na uwezekano wa manyunyu katika baadhi ya maeneo, wananchi waendelee na shughuli zao. Nikamwona Mawingu Kiasi anashusha pumzi, uso umelegea, kama mtu aliyepata habari kutoka kwa anayejua.

"Mnasikia? Shwari."

"Lakini mchana uliandika nini?" nikamwuliza, na binti akageuka. Ikabidi aseme.

"Niliandika mvua kubwa. Ila mchana nilikuwa peke yangu. Hii imepita mikononi mwa wakubwa."

"Sasa mimi nimwamini nani?" binti akauliza. "Wewe wa mchana au wewe wa jioni?"

"Wa jioni. Ndiye rasmi."

Mwenyewe akampigia fundi simu, akamwambia aje aezue.

Alhamisi mchana nyumba ilikuwa kenchi tupu bila bati, unaona mbingu ukiwa kitandani. Wingu lilitokea magharibi halikubisha hodi. Fundi aliruka ngazi akapita vipandio vyote hewani. Binti alikuwa anatupa mashati chini ya meza, kabatini, ndani ya masufuria. Mimi nilijilaza juu ya fungu la sketi kama kuku juu ya mayai. Maji yaliosha vumbi la miaka yote lililolala kwenye kenchi, yakalimwaga juu ya mashati meupe, yakawa na mistari ya udongo. Binti akapiga simu ofisini kwa mumewe.

"Mvua!" akapiga kelele.

Sauti ya Mawingu Kiasi ikajibu kwa utulivu kwamba kituo bado hakijapokea vipimo.

Binti akainua simu juu, kenchi zote zikichuruzika maji. "Haya pokea!"

Alikuja mbio, koti halipo, akakuta nusu ya mashati yameharibika. Hakuna aliyemgombeza. Ilikuwa afadhali agombezwe.

Ijumaa fundi aliezeka upande wa sebule, na binti akaanza kufua upya. Mawingu Kiasi alienda kazini akarudi na habari. Palikuwa na kikao cha kupima utabiri wa jana. Vipimo vilionyesha mvua imepiga upande wa kwetu tu. Mjini kote vumbi. Kwa hiyo utabiri ulikuwa sahihi, maana nyumba yetu ndiyo baadhi ya maeneo. Mkuu alimpa mkono.

Binti aliweka pasi wima. "Wamekupongeza."

"Ndiyo."

"Kwa mashati yangu."

Mumewe akakaa kwenye stuli, miwani mkononi.

Udongo haukutoka kwa mara moja, na Jumapili asubuhi mashati yalikuwa kwenye kamba uani, ndiyo kwanza yamefuliwa tena, mabichi kabisa, na Jumatatu ndiyo hiyo. Binti alitaka kutoka kutafuta vifungo. Akamwuliza fundi aliyekuwa juu, anamalizia jiko, kama nguo ziachwe nje. Akamwuliza jirani, ambaye goti lake humwuma mvua ikikaribia. Akaniuliza hata mimi. Mume wake alikuwa amekaa hapo hapo katikati yetu, na hakumwuliza. Nilimwona anasubiri zamu yake. Zamu haikufika.

Akainuka akaenda katikati ya uani, akatazama mbingu muda mrefu, akageuka huku na huku, akalowesha kidole akakiinua hewani.

"Itanyesha leo," akasema. "Mchana. Ingizeni nguo."

Binti akasimama na mkoba wake. "Nani amesaini?"

"Mimi."

Binti alimtazama, halafu akaweka mkoba chini. Tukaingiza mashati yote, tukayatundika kwenye viti, milango, kitanda changu, tukaanza kuyakausha kwa pasi moja moja, moshi wa mvuke umejaa sebule kama jikoni kwa mama lishe. Vifungo nikavifuata mimi. Niliporudi jua lilikuwa linachoma utosi. Mchana ukaja, jua. Alasiri, jua kali zaidi, hakuna wingu hata la dawa. Fundi alikuwa anapiga misumari huku anacheka peke yake huko juu.

"Kaka! Mwenzio nimeungua mgongo huku!"

Ndani, binti alikuwa amevuja jasho na pasi mkononi. Mawingu Kiasi akatoka mlangoni, akatazama jua, akarudi.

"Nimekosea," akasema.

Sijawahi kusikia neno hilo likitoka kwa mtu wa ofisi ile. Nilidhani binti atarusha pasi. Alianza kucheka taratibu, akacheka mpaka akakaa juu ya sketi alizozipiga pasi. "Umekosea kweli kweli, baba watoto," akasema akijifuta macho. "Haya njoo, shika upande ule." Wakabeba nguo kurudi kwenye kamba jua likielekea kushuka, wawili, binti bado anacheka.

Jumatatu sare zilifika shuleni, nami nyuma na fungu la sketi. Mwalimu mkuu akashika kola moja, akaisugua kwa vidole, akauliza mbona bado ina unyevu.

"Tulianika ndani," binti akamjibu. "Mume wangu alisema itanyesha."