Dereva wa Arusi Yake Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu yeyote, Symphorien hufungua mlango wa nyuma wa upande wa kulia, huufunga polepole, kisha husikiliza. Mlango ukilia, hutia tone la mafuta kwenye bawaba na kujaribu tena. Huo ndio mlango wa bibi arusi. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake imekuwa kuwapeleka mabibi arusi wa Lubumbashi kanisani, kwa magari ya kukodi ya mzee Adalbert wa mtaa wa Bel-Air.

Mwaka jana zamu yake ilifika. Alikuwa anamwoa dada yangu Régine, ambaye mchumba wake wa kwanza alitoweka wiki tatu kabla ya ndoa, akaja kuonekana Kasenga na mke mwingine. Kwetu hakuna aliyesahau. Shangazi yetu, Tantine Kapinga, alikuwa amesema mezani, Symphorien akisikia: "Huyu naye akikimbia, Régine hatatoka mu nyumba tena."

Alichagua gari kwa siku nne. Jeep nyeupe alizikataa kwa sababu ziko juu mno, gauni lingekanyagwa. Zenye usukani kulia, zinazoingia kutoka Zambia, alizikataa pia, maana barabara zetu ni za kushika kulia, na dereva haoni mbele akitaka kupita lori. Mwishowe akachukua Mercedes ya zamani ya kijivu, yenye milango mizito. Mzee Adalbert akamwongezea dereva, Guelor.

"Guelor hapana," Symphorien akasema. "Anapiga simu akiendesha. Nitaendesha miye mwenyewe."

"Weye bwana arusi? Na bibi akae nyuma peke yake kama patron?"

"Atakaa na mudogo wake."

Mdogo huyo ni mimi. Kwa desturi yetu bwana arusi hutangulia kanisani, na bibi huletwa na watu wa kwao. Basi Tantine Kapinga alipomwona Symphorien langoni kwetu, suti mwilini na ufunguo mkononi, alikaa chini kwenye ngazi bila kuangalia vumbi.

"Bwana anangojea kwa altari," akamwambia. "Habebi bibi kama bagage."

"Tantine, ni miye niko na permis ya kuendesha."

Aliendesha vizuri kuliko dereva yeyote niliyewahi kupanda naye. Simu yake aliizima pale Régine alipoketi, kama afanyavyo kwa kila bibi arusi. Kwenye mlango wa kanisa alishuka, akazunguka, akatufungulia, akainua pindo la gauni lisibanwe, akafunga mlango. Kisha akarudi kwenye usukani, akaondoka kuelekea nyuma ya kanisa. Tukasema anaenda kuegesha.

Zikapita dakika tano. Zikapita kumi na tano. Padri alikuwa na ndoa nyingine saa tano, akawa anatazama saa yake. Kila tulipopiga simu tuliambiwa haipatikani. Mama alivua viatu, akavishika mkononi kama mtu anayejiandaa kutembea mwendo mrefu.

"Ya pili hii," Tantine akasema, wala hakupunguza sauti. "Na huyu alimuleta mwenyewe mpaka pa mulango, bantu bote baone."

Régine hakulia. Alianza kutoa pini za shela, moja baada ya nyingine, akinipa mimi. Mikono yake ilikuwa mitulivu, na huo utulivu ndio ulionitia baridi. Nikamwachia pini ya nne, nikakimbia nyuma ya kanisa.

Magari yote ya arusi huegeshwa huko, kando ya ukuta. Lake lilikuwa la tatu. Koti alikuwa amelitundika ndani, na yeye alikuwa anapangusa kioo cha mbele kwa kitambaa, taratibu. Dereva wa arusi nyingine alikuwa ameegemea boneti yake.

"Mukubwa, arusi yako inaisha saa ngapi?" yule dereva akamwuliza.

"Bado saa moya hivi," Symphorien akajibu. "Mompere wa hapa anahubiri sana."

Nilikuwa nimejiandaa kukuta nafasi tupu, au kumkuta analia. Hilo la kupangusa kioo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Beau-frère," nikamwita shemeji yangu. "Banakungojea."

"Nani?"

"Régine. Na mompere. Bote."

Kitambaa kilimtoka mkononi. Yule dereva alianza kucheka, akaona uso wa Symphorien, akaacha. Uso ulikuwa umegeuka rangi ya jivu. Symphorien alitimua mbio bila koti; mimi nikamfuata nalo, pamoja na ufunguo aliouacha.

Ndoa ilifungwa na shela likiwa upande. Alijibu "ndiyo" kabla padri hajamaliza kuuliza, na kanisa zima likacheka, isipokuwa Tantine. Tulipotoka alininyang'anya ufunguo, akampa mzee Adalbert, aliyekuwa mmoja wa wageni.

"Weye," akamwambia Symphorien, "kaa nyuma."

Akakaa, magoti yamebana, mikono hajui aiweke wapi. Régine akaushika mmoja.

Alasiri, huko mtaa wa Golf, kwenye bustani tulikopigia picha, nilimpata peke yake. Nilimwuliza alikuwa anangoja nini pale nyuma ya kanisa.

"Régine," akasema. "Atoke, nimurudishe nyumba."