Mabenchi Yaliyotazama Ukuta

Mchora ramani mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Rula, alikuwa amejitolea kuchora ramani ya mabenchi manne ya kando ya uwanja, wazee wakae jioni wakiwatazama watoto wakicheza. Alipokwenda kuyakagua, akayakuta yamekwisha kujengwa kwa zege, yote yametazama ukuta wa shule.

"Fundi!" aliwaka. "Ramani yangu uliishika kichwa chini miguu juu?"

"Niliishika sawasawa, mama. Nikaamua kuyageuza."

"Ukaamua! Wiki tatu nimevunjika mgongo mezani, bure bila hata asante, wewe ukaamua tu!"

Fundi aliendelea kuosha mwiko wake kana kwamba hakuambiwa yeye. Bi Rula alifoka mpaka koo likamkauka, kisha akajitupa kwenye benchi.

"Haya, nimekaa. Naona nini hapa? Matofali!"

Akageuka kwa hasira kumwonyesha uwanja. Jua la jioni likamchoma machoni, asione mtoto wala mpira.

"Mama," fundi akauliza kwa upole, "uwanja ulikuja kuupima saa ngapi?"

Bi Rula alijipangusa machozi ya jua.

"Asubuhi," alisema. "Lete hiyo ramani niirekebishe. Na nawa mikono kwanza!"